Tundu Moja

Laptopu hii ina tundu moja tu la maana,
dogo kama jicho la dagaa,
nami nimeliomba libebe chaji, waya wa intaneti,
kipanya, na skrini mbili nilizonunua Makoroboi
kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake
kwamba zimetoka benki, hazijawahi kuugua.

Ofisi yetu ni chumba juu ya duka la nyavu, Kirumba.
Chini wanapima nailoni kwa rula,
juu napima safari: lori lipi limebeba sangara,
barafu imebaki kiasi gani, nani kakwama Mutukula.
Skrini ya kushoto mizani, ya kulia ramani,
na hii yangu ya katikati, ya barua na lawama.
Ndivyo nilivyopanga.

Doki ilifika kwa basi la usiku kutoka Dar
ndani ya boksi la viatu.
Nikachomeka. Feni ikavuta pumzi.
Skrini mbili zikaamka na sura moja:
ramani na ramani,
nukta nyekundu ya lori la Bujiku
iko Geita kushoto, iko Geita kulia.
Kumbe nimelipa laki mbili
nione kitu kimoja mara mbili.

Nikacheka, maana nyumbani tulikuwa na Kulwa na Doto.
Wageni waliwatazama hivyo hivyo,
huyu nani, yule nani,
kitenge kimoja, magauni mawili.
Mimi ndiye Shija. Kwetu Usukumani jina hili halichaguliwi:
wakishatangulia mapacha, anayefuata ni Shija,
hajalia bado, tayari ni wa baada ya fulani.

Fundi Lugembe alipanda ngazi na bisibisi ambayo hakuitumia.
Alinusa waya. Akasoma maandishi ya mgongoni mwa doki
kama mtu asomaye dawa ya mtoto.
"Haina kosa," akasema. "Mashine yako ina macho mawili tu.
Ukiifunua, moja lake, moja la wageni wote.
Hebu funika."

Nikafunika.
Papo hapo mapacha wakaachana,
kushoto mizani, kulia ramani,
kila mmoja na uso wake, wanang'aa,
na mimi kiganja kimebaki juu ya kifuniko chenye joto.

Sikusema kitu kwa muda.
Chini walikuwa wakibishana kuhusu macho ya nyavu,
inchi sita au saba.
Nilikumbuka ada ya kidato cha tano,
ng'ombe waliouzwa wakatosha madawati mawili,
na baba akitazama nje aliposema
Shija atasubiri mwaka.
Nilisubiri minne.
Kulwa ni muuguzi Bugando. Doto yuko Musoma, hakimu.
Hawakunikosea. Hawakujua hata
kwamba kuna kitu kimefunikwa.

"Hakuna njia nyingine?"
Lugembe akajikuna shavu.
"Ipo adapta ya aina yake, ina akili zake yenyewe.
Inataka programu, inakula nguvu,
na picha itachelewa kidogo, kama maneno ya mkalimani.
Elfu tisini."
Nikampa themanini na tano na soda.

Ilichukua saa nzima: pakua, ruhusu, zima, washa.
Umeme ukakatika katikati ya kazi,
tukakaa dirishani tukitazama mawe ya mlimani
yakipoteza rangi moja baada ya nyingine.
Uliporudi, nilifunua polepole.

Tatu.

Ya kulia inachelewa kweli. Lori la Bujiku
halitembei, linaruka:
Chato, kimya, kisha ghafla Biharamulo.
Usiku visubi wa ziwani huingia,
hutua juu ya mwanga wowote
bila kuuliza upi ulizaliwa kwanza.
Nawafuta kwa kitambaa.

Barua ya kwanza niliyoandika pale katikati
ilikuwa fupi:
Bujiku, barafu inatosha. Endelea.